Katriji Nyeupe Iliyoniharibia Chai

Mgahawa wa Tulivu,
Jirani na kituo cha bodaboda,
Ipinda, Kyela.

Kwa Meneja,
Duka la Tiririka, Vifaa vya Maji,
Bondeni, Kyela Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KATRIJI YENU KUNIHARIBIA CHAI, WATEJA NA JINA LANGU KANISANI

Ugonile. Nina imani barua hii inakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako wote, akiwemo yule mmoja aliyenifanya ninunue karatasi hizi. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kutojambo akiwa anakunywa chai inayoonyesha kitako cha kikombe.

Mimi naitwa Lameck Mwasomola. Huu ni mwaka wa kumi na moja nina mgahawa hapa Ipinda. Mke wangu Tusekile anapika, mimi nasimamia, kazi ambayo wengi huidharau kwa sababu hufanywa na mtu aliyekaa. Filta ya maji niliinunua kwenu mimi mwenyewe, ile ya chupa ya buluu inayofungwa ukutani, na ndani yake mna katriji, yaani lile gogo jeupe la nyuzi linalokamata uchafu. Niliinunua baada ya bwana afya kupita. Sikulazimishwa. Nilishauriwa tu, mbele ya mgambo wawili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wenu kuja saa ya chai.

Fundi Brenda ni binti wa watu, ana adabu, na sina ugomvi na wazazi wake. Alinipigia simu mara tatu kunikumbusha kwamba muda wa kubadilisha katriji umepita. Mara ya kwanza nilimwambia niko msibani. Mara ya pili nilimwambia niko msibani. Mara ya tatu, kabla sijafungua mdomo, akaniuliza kwa upole, "Pole sana, baba. Sasa huko kwenu wamebaki wangapi?"

Jumanne moja, wiki tano zilizopita, akaja bila kuitwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, meza zote zimejaa. Akafunga koki, akaikaba ile chupa ya buluu kwa spana yake ya plastiki, akaizungusha, akachomoa katriji na kuilaza kaunta, katikati ya maandazi na chapati.

Rangi yake sitaieleza, maana barua hii inaweza kusomwa na mtu anayekula. Nitasema tu kwamba Mwalimu Aliko, mstaafu, mteja wangu wa kila siku tangu nifungue, alivaa miwani, akaisogelea, akauliza, "Huyu mbasa wa kubanika mnamuuzaje?"

Mimi nilianza kupanga maandazi upya, kama inavyompasa mfanyabiashara. Brenda, ambaye hakuulizwa, akajibu, "Si samaki, mwalimu. Hii ndiyo inayochuja maji ya chai yenu."

Mwalimu akatazama kikombe chake. Kilikuwa kimebaki robo. Akakisukuma katikati ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha siri ambayo hakuomba kuambiwa. Mgahawa mzima vikasikika vikombe vikisukumwa.

2. Kibandiko.

Mna tabia ya kubandika kwenye chupa karatasi yenye tarehe ya siku katriji ilipowekwa. Kwa nini? Hata mimi sijabandikwa tarehe, na nina miaka hamsini na nane. Brenda aliisoma ile karatasi kwa sauti, akahesabu kwa vidole, akasema, "Baba, hii ni ya miezi sita. Ina miaka miwili na miezi mitano."

Nilimweleza kwamba kitu kinachotunzwa hakizeeki. Kila Jumamosi niliitoa katriji ile, nikaisugua kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu, brashi mpya kabisa, nikaianika juu ya bati. Ilipochakaa upande mmoja niliigeuza, juu ikawa chini, kama fundi cherehani anavyogeuza kola ya shati. Na mwaka jana, maji yalipoanza kutoka kwa kudondoka kama machozi ya mtu anayejilazimisha kulia, niliitoboa kwa spoki ya baiskeli. Matundu manane tu, madogo, tena nimeyapanga vizuri kwa mstari. Maji yakarudi kwa kasi ambayo hayakuwa nayo hata siku mliponiuzia.

Badala ya kunisifu, Brenda aliyagusa yale matundu moja baada ya jingine, akihesabu, na wateja wangu wakamsaidia kuhesabu. Walipofika nane akaniuliza, "Sasa hapa, baba, filta ilikuwa inachuja nini?"

Nikamwambia ilikuwa inachuja kile kilichokubali kuchujwa. Naona huko mafunzoni kwao falsafa hawafundishwi.

3. Chai yenyewe.

Katriji mpya ilipowekwa, Brenda alimwaga ndoo mbili nzima za maji akisema anaisuuza kwanza. Nikavumilia. Akapaka mafuta ule mpira wa kuzuia kuvuja, akafunga, akaandika tarehe, akaaga. Tusekile akateleka chai kama siku zote. Ikatoka na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Ndugu Meneja, kwa miaka mingi mke wangu alikuwa akitia vijiko viwili vya majani kwenye sufuria kubwa, na chai inatoka nyekundu, nzito, mpaka madereva kutoka Tukuyu wanaisifia. Wote tuliamini ni mkono wake, na ilipopauka miezi michache filta ilipofungwa mara ya kwanza, tulilaumu majani. Kumbe tulikuwa tunasaidiwa na udongo wa mto unaotuletea maji ya bomba! Masika, mto ukijaa, hata kijiko kimoja kilikuwa kinazidi. Leo tunatia vijiko sita na bado mtu anaona ua lililochorwa chini ya kikombe, ua ambalo mimi mwenyewe sikujua kwamba lipo.

Mwalimu Aliko alinisusa siku tatu, kisha akarudi kwa sababu mguu umeshazoea njia. Akaonja, akaweka kikombe chini, akasema, "Lameck, chai hii imetoka kulazwa." Wazee wa kanisa, ambao walikuwa wamekwisha kukubali niwapikie Sikukuu ya Mavuno, wakaja kuonja nao. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Kesho yake nikasikia chai ya mavuno itapikwa na Mama Doreen.

4. Mama Doreen.

Huyu mama ana kibanda ng'ambo ya barabara. Siku ya nne tu baada ya aibu yangu akasimamisha ubao: CHAI YA KATRIJI MPYA. Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha, nikijifanya naomba kiberiti. Ndugu Meneja, Mama Doreen hana filta! Ana chupa ya buluu tupu, ameining'iniza ukutani kwa kamba ya mgomba, wala haijaunganishwa na bomba lolote hapa duniani. Amebandika karatasi, na kila Jumatatu anafuta tarehe na kuandika nyingine. Wateja wanaitazama ile chupa, wanaridhika, wanakunywa mto wao mwekundu kwa raha zote.

Kwangu mimi, mwenye katriji ya kweli, mtu haketi kabla hajauliza, "Ina muda gani?" Zamani waliuliza kama chapati zipo. Abiria mmoja wa Mbeya aliipiga picha filta yangu akamtumia mkewe, wakashauriana kwa simu, ndipo akaagiza andazi moja.

5. Mahubiri.

Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Brenda aliiacha katriji ya zamani kaunta akisema ni mali yangu, niitupe mahali salama. Mwalimu Aliko akaiomba. Nilidhani anataka kunisitiri, nikamfungia kwa gazeti, na nikamwambia ndaga fijo, asante sana, kwa moyo wote. Akaipeleka kwa mchungaji.

Jumapili, katikati ya mahubiri, mchungaji akainama nyuma ya mimbari, akainuka nayo mkononi. "Wapendwa," akasema, "mioyo yetu ndiyo hii. Tunaisugua nje. Tunaigeuza juu chini. Tunaitoboa ili mambo yetu yapite. Kitu kimoja tu hatufanyi: hatuibadilishi."

Hakutaja jina langu. Hakuwa na haja. Kanisa zima liligeukia benchi la tatu, na mpiga kinanda akabonyeza kitu ambacho si noti. Kisha mchungaji akauliza nani yuko tayari kubadilishwa. Wakatoka watu saba. Saba! Mmoja wao, Asajile, kijana wa jirani yangu, alilia mbele za watu na kukiri kwamba ndiye aliyechukua bata wangu wawili wakati wa Pasaka. Bata wenyewe walikuwa wamekwisha kuliwa, kwa hiyo nikabaki na msamaha wa kutoa na hakuna cha kupokea.

Kwa miaka kumi na moja nimewapa kwaya chai ya bure kila mkesha, na sijaona hata mwimbaji mmoja akitubu. Katriji yangu imepanda madhabahuni siku moja, imeleta saba. Hakuna aliyenishukuru. Sasa inaombwa na usharika wa pili, na nasikia kuna semina ya vijana.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Waandikieni wenye kiwanda watengeneze katriji za rangi ya udongo tangu mwanzo, ili ikitolewa asiwepo wa kusema ilianza ikiwa nyeupe. Kibandiko kiandikwe siku na mwezi, mwaka uachwe, maana mwaka ni jambo la mtu na familia yake. Kazi ya kubadilisha ifanyike nyuma ya pazia, kama anavyoandaliwa marehemu, na wateja waambiwe tu kwamba amepumzika. Pia wataalamu wenu wafikirie katriji ya pili, itakayofungwa mbele ya hii ya kwanza, ambayo kazi yake itakuwa kuyarudishia maji udongo kidogo uliopimwa, kwa ajili ya rangi.

Na kama yote hayo yatawashinda, basi nipeni kibali cha maandishi niirudishe kazini katriji yangu ya zamani semina itakapokwisha. Ina uzoefu. Imehubiri. Babu zangu waliunywa mto huu wote bila spana wala kibandiko, na baadhi yao walifika uzee.

Nikitarajia majibu yenye mhuri, nawasalimu wote hapo dukani kila mtu kwa cheo chake, na yule anayefagia msimsahau. Nisalimieni na mama yake Brenda huko Ikombe, nasikia ni mfinyanzi wa vyungu. Mwambieni binti yake ana mkono mwepesi wa kazi, ila anapohesabu matundu apunguze sauti. Tusekile naye anawasalimu, japo hajui nimeandika nini.

Ni mimi, niliyekwazika kwa heshima zote,

Lameck Mwasomola,
Mwenye Mgahawa.
(Mhuri umepigwa.)

Nyongeza, Jumatatu asubuhi.

Barua hii niliiandika Alhamisi, nikaiweka kabatini kusubiri mtu wa kwenda mjini. Kitu kilichopigwa mhuri sipendi kukichana, kwa hiyo naongezea hapa chini.

Tusekile amekuwa na tumbo miaka miwili. Sikulitaja kwa sababu sikuona kama linawahusu. Ni tumbo la kukata, la kumfanya aache sufuria motoni akalale mkekani amejikunja. Hospitali amekwenda mara nne. Anapewa dawa, anapata nafuu wiki mbili, linarudi. Nililaumu maharage. Nililaumu macho ya watu. Mwaka jana nilimkataza hata kula kwa dada yake, na dada yake mpaka leo hanisalimii.

Chai hanywi, humletea kiungulia. Anakunywa maji baridi yanayotoka kwenye filta, glasi kila anapotoka jikoni, bila kuyachemsha. Mimi ndiye niliyemwambia hayana haja ya kuchemshwa, tusipoteze mkaa.

Jana alikula ndizi za mbalaga, akaongeza, halafu akaosha vyombo huku akiimba. Nilikuwa nimesahau kwamba anajua kuimba. Nikamuuliza habari za tumbo. Akasema, "Limeniacha. Wiki ya tano hii. Mungu amesikia maombi yako, mume wangu."

Nikatoka nje, nikahesabu wiki kwa vidole, nikaishia kwenye wiki ile aliyokuja Brenda, nikasimama nyuma ya jiko mpaka akaniita mara mbili.

Ndugu Meneja, hayo niliyoandika juu msiyafanyie kazi hata moja. Mtumeni Brenda alete katriji nyingine ya akiba, na ya nyumbani kwa shemeji yangu, yule asiyenisalimia, aje saa yoyote apendayo. Ila aje wiki hii. Tusekile anaendelea kunishukuru kwa maombi, nami sijamwambia. Nimejaribu mara mbili, nikaishia kumwambia chumvi imezidi. Siku nitakayomwambia ningependa pawepo mtu mwingine mezani, mtu anayejua kueleza mambo haya vizuri.