Jiko la Pili

Jumatatu, 5 Machi 1951. Chome.
Mvua bado. Mahindi yangu yamejikunja majani. Siku kumi zaidi na tutakula mabua. Maji ya ndiva, bwawa letu la kijiji, hugawanywa kwa majiko: jiko moja, zamu moja kwa juma. Mimi nina jiko moja, mke mmoja, watoto watatu. Jirani yangu Asheri ana majiko mawili, kwa kuwa mama yake hupika peke yake. Bibi hana jino hata moja! Anapika nini? Lakini zamu mbili! Leo Asheri amenisalimu akiwa ng'ambo ya ua, akauliza kama yale mahindi nimeyapanda yawe kuni.

Jumanne, 6 Machi.
Moshi nyuma ya migomba! Nimekimbia na mtungi wa maji. Si moto, ni wanangu. Mafiga matatu, chungu kilichopasuka mdomo, makande yanachemka kweli. Zipora, miaka kumi na moja, ndiye mama. Tumainieli, minane, ndiye baba, ametumwa kuni. Dorkas, sita, ni mtoto, tena mgonjwa, kwa hiyo hafanyi kazi. Nimeonja. Maharage yameiva kuliko ya… sitaandika. Eliwaza mke wangu anajua kusoma.
Nimekaa kuwatazama mpaka mbuzi wameingia kwenye viazi. Hapo ndipo wazo liliponijia. Jiko ni nini? Mafiga, moto, chungu, walaji. Vyote vipo!

Jumatano, 7 Machi.
Nimekwenda kwa Mzee Danieli, mgawaji wa maji. Nimemwamkia mara mbili. Nikamweleza kwamba kwangu sasa kuna jiko la pili. Akauliza nani anapika. Nikajibu: mwanamke, bado mdogo, lakini hodari. Hakuna uongo hapo! Amesema atakuja Ijumaa kuliona. Sikuelewa kwa nini alinipa pole.

Alhamisi, 8 Machi.
Nimeelewa. Habari zimeshuka sokoni, zikarudi mlimani zimenenepa: Hezroni, yaani mimi, ameoa mke wa pili! Mzee wa kanisa amefika na Biblia, amekataa kuketi, amesema Meza ya Bwana niisahau. Asheri amekuja kuuliza kama bibi harusi ni wa Ndungu, kule kwenye mpunga, maana amesikia huyo amezoea wali.
Eliwaza hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Amejifunga khanga kiunoni, akaniuliza kwa upole mwenzake anakaa wapi, ampelekee chumvi. Nimempeleka nyuma ya migomba. Zipora alikuwa anamgombeza Tumainieli kwa kuchelewa na kuni: “Baba Dorkas, wanaume wa Chome wote ndivyo mlivyo?” Eliwaza amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akanitazama.
Chakula cha jioni nimekula kwa mke wa pili.

Ijumaa, 9 Machi.
Wamefika: Mzee Danieli, mzee wa kanisa, na Asheri ambaye hakuitwa. Nilitaka kueleza. Sikupewa nafasi. Zipora amewapa shikamoo mmoja mmoja, akawanawisha mikono, akawapakulia makande kwenye majani ya mgomba. Tumainieli amewauliza habari za njiani kama mwenye mji. Dorkas amesahau ugonjwa, akaombea chakula sala ndefu kuliko ya mchungaji. Mimi sikuwafundisha lolote kati ya hayo. Nilisimama nyuma, kifua kimejaa. Mzee wa kanisa ameongezwa mara mbili, akanirudishia Meza ya Bwana mdomo ukiwa umejaa.
Mzee Danieli akafuta ndevu, akatoa hukumu: jiko lililomlisha mgeni ni jiko. Zamu ya pili imetoka! Nimeruka juu.
Ningengoja amalize. Zamu ni ya mpishi, yaani Zipora. Na jiko jipya lina deni la siku tatu za msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji wa kijiji. Na kwa kuwa wenye jiko ni watoto, atawafanyia baba yao. Asheri alikohoa. Hakikuwa kikohozi.

Jumanne, 13 Machi.
Siku tatu katika tope mpaka kiunoni. Leo ilikuwa zamu ya Zipora. Nimekwenda kuamrisha, nikajikuta nabisha hodi. Walikuwa barazani. Tumainieli alitaka maji yaende kwenye miwa. Dorkas alitaka kuogelea. Zipora amewauliza swali moja tu: makande hutoka wapi? Kisha akachukua jembe, akayaongoza maji hadi kwenye mahindi yangu, mstari kwa mstari, Tumainieli akifungua na kuziba matope kwa kisigino kama mzee wa mfereji. Hakuna tone lililopotea. Mimi hupoteza nusu.
Nimesema tope limeniingia machoni. Jioni majani yalikuwa yameanza kufunguka. Eliwaza amesema watoto hawa wana akili. Hakusema wamezipata kwa nani.

Jumatano, 14 Machi.
Yote yamekwenda kama nilivyopanga. Mahindi yamesimama! Asheri ameyatazama, akaenda kuyakagua ya kwake.
Leo Mzee Danieli amenidokeza jambo: nyumba yenye mtoto mchanga huchota maji kabla ya kila mtu. Kabla ya Asheri! Nimemtazama Dorkas akila. Si mrefu. Akibebwa mgongoni, miguu ikikunjwa, khanga ikifunika uso, na akiapa kutoomba dua…
Eliwaza bado sijamwambia.