Jeki Ni Zana au Ni Kifaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Teule ya Kuchagua Zana na Vifaa vya Siku ya Mbio za Magari, ambayo mwenyekiti wake ni mimi. Wenyeviti wa kamati ndogo tisa, pamoja na makamu wao, na makamu wa makamu wao. Walinzi wa geti. Karani wangu anayeandika kila neno ninalotamka, hata hili. Mama mkwe wangu mpendwa, uliyeketi mstari wa mbele na mkoba wako umeketi kiti cha pili. Wananchi mliosimama humu uani, na nyinyi mliokaa kwenye viti vyenye majina ya watu wengine: itifaki imezingatiwa, na yeyote ambaye hakuzingatiwa aandike barua kwa nakala tatu. (Makofi. Mtu mmoja anahama kiti.)

Ndugu wananchi, kwa faida ya waliochelewa, na kwa faida ya wajumbe wa kamati walioniuliza leo asubuhi, Siku ya Mbio ni siku ambayo mwananchi wa kawaida, mwenye gari lake la kawaida, anaruhusiwa kulipeleka kwenye uwanja wenye barabara ya mzunguko, isiyo na matuta, isiyo na kuku, isiyo na mtu anayevuka huku akisoma simu, akalikimbiza mpaka moyo wake utosheke, kisha akarudi nyumbani salama na kwenda polepole kwa maisha yake yote yaliyobaki. (Vigelegele.)

Wazo hili si langu, ingawa katika ripoti limeandikwa kuwa ni langu. Aliyelileta ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu, fundi wa magari mnayemfahamu kwa jina la Mama Gia, ambaye namwona pale karibu na geti ameegemea gari lake dogo la njano lenye mlango mmoja wa bluu, analoliita Kiroboto. (Watu wanageuka. Mama Gia anapunga mkono wenye grisi.) Matairi mawili mapya ya mbele ameyaweka kiti cha nyuma, kwa sababu ambayo tutaifikia. Kwa miaka mitatu ameliunda upya gari hilo, nati kwa nati, na katika miaka yote hiyo halijawahi kuingia gia ya nne, kwa kuwa katika mji wetu kila baada ya hatua hamsini kuna tuta. Kesho asubuhi linachukuliwa na mnunuzi, mzee mstaafu ambaye ameahidi kwa maandishi kwamba hatazidi gia ya pili. Shemeji alikuja ofisini kwangu akaniambia hataki cheo wala kikombe, anataka kuisikia gia ya nne mara moja tu kabla gari halijaondoka. Nami nikamwambia, shemeji, utaisikia siku ya uzinduzi. Na uzinduzi, ndugu zangu, ni leo. (Makofi marefu. Mama Gia anatazama saa.)

Sasa, mtu asiye na elimu ya mipango angekimbilia kujenga uwanja. Sisi hatukukimbia. Tulijiuliza kwanza swali la kitaalamu: je, mtu akienda kwenye Siku ya Mbio, abebe nini? Shemeji yangu aliitwa kwenye kikao cha kwanza atoe maoni kama mdau, au kama tunavyosema sisi tuliohudhuria semina, stekiholda. Akatutajia vitu vinane, akivihesabu kwa vidole, na vidole viwili vikabaki. Jeki. Spana ya magurudumu. Kipimo cha upepo wa matairi. Maji ya rejeta. Oili. Kizimamoto. Helmeti. Na spana moja ya ajabu, ambayo ukishakaza nati kwa kiasi kinachotakiwa inalia yenyewe, tak, kukuambia kwamba basi, imetosha. Halafu akaongeza kuwa kabla ya kukimbiza gari ni lazima utoe ndani yake kila kitu kizito kisicho na kazi. Wajumbe watatu walihisi wanasemwa, wakatoka nje. (Kicheko.)

Kikao kile kilichukua dakika kumi na mbili. Ndugu wananchi, kazi ya umma haiwezi kumalizika kwa dakika kumi na mbili. (Sauti kutoka nyuma: "Tak.") Asante sana, ndugu, nafurahi kuona kwamba elimu imefika mpaka huko nyuma.

Tuliunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Katika miezi kumi na moja tumefanya vikao sitini na vinne, semina tano, fizibiliti mbili za kupima kama jambo linawezekana, ambazo zinapingana, na safari moja ya mafunzo mahali penye bwawa la kuogelea, ambako tulijifunza mengi kuhusu maji ya rejeta. Leo hii, kwa unyenyekevu mkubwa, natangaza kwamba orodha imekua kutoka vitu vinane hadi vitu mia tatu na kumi na viwili, ongezeko la asilimia elfu tatu na mia nane, jambo ambalo halijawahi kutokea katika sekta ya kubeba vitu. (Makofi.) Humo mna mikasi sita ya kukatia utepe, mna pasi ya kunyooshea bendera, mna miavuli ya viongozi kwa jua na miavuli mingine ya viongozi kwa mvua, na mna sofa ya kumpumzishia dereva, itakayofungwa juu ya gari lake. Ile spana inayolia tak tuliipitisha kwa shingo upande, maana wajumbe wengi hawajazoea kuambiwa basi. ("Tak," wanasema watu wawili au watatu.) Naam, hiyo hiyo.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi. Jeki peke yake ilituchukua wiki sita. Kamati Ndogo ya Zana ilisema jeki ni zana kwa sababu inashikwa mkononi. Kamati Ndogo ya Vifaa ikasema ni kifaa kwa sababu inakaa chini. Makamu mwenyekiti alilia. Karani alipompelekea maji, likazuka swali kama glasi nayo ni zana au ni kifaa, tukaahirisha mpaka baada ya chakula. Mwishowe, saa kumi na dakika ishirini, niliandika kwa mkono wangu azimio lililoleta amani, kwamba jeki ni kifaa chenye tabia za zana. (Wajumbe wa kamati wanasimama na kukumbatiana.)

Naomba mniwie radhi jukwaa hili likiyumba. Mguu wake mmoja ulivunjika asubuhi wakati wa kupandisha kiti changu, lakini wataalamu wetu wameudhibiti kwa ufumbuzi wa dharura ambao hamna haja ya kuuchungulia. (Watoto wote wanachungulia.)

Na anayesema serikali hii ndogo ya mji wetu ni nzito, atoke nje ya geti aone. Barabara ya kutoka hapa hadi njia panda, kilomita moja na nusu iliyonyooka kama rula, imefungwa tangu alfajiri. Matuta yote arobaini yameng'olewa kwa siku mbili tu, ili msafara wangu usitikisike, kwani nilikuwa nimebeba hotuba. Walinzi wamejipanga pande zote mbili, na haipiti hata baiskeli mpaka nitakapoondoka. (Mama Gia anaacha kutazama saa. Anatazama barabara.)

Karani, funua meza. (Kitambaa kinaondolewa.) Ndugu wananchi, zana ndizo hizi. Hivi vinane mviangalie kwa macho, na vile mia tatu na vinne vilivyobaki mtaviona kwenye karatasi. (Mtu anahesabu kwa sauti na kufika saba.) Ni vinane, isipokuwa kimoja kiko kwenye majukumu mengine. Sasa tuimbe kauli mbiu. Nikisema zana, semeni kwanza. Zana! (Kwanza!) Nikisema uwanja, semeni baadaye. Uwanja! (Baada... Watu wanaacha neno katikati na kugeuka. Mama mkwe anasimama, akishika mkoba wake kwa mikono miwili.)

("Mwanangu," anauliza, "huo uwanja uko wapi?")

Shikamoo, mama. Swali hili angeuliza mtu mwingine ningeliundia kamati, lakini kwako nitalijibu. Uwanja hauko mahali, mama. Uko kwenye hatua. Kwa sasa uko kwenye hatua ya dhana, na dhana yenyewe iko kwenye jalada, na jalada tunalitafuta. Lakini wanaosema hatuna mzunguko wamuulize shemeji yangu. Alipokuja kufuatilia kibali alianzia dirisha namba moja, akapelekwa namba mbili, akapandishwa ghorofani, akateremshwa tena namba moja, na kadhalika, mara kumi na nne. Kama huko si kuzungushwa, mzunguko ni nini? (Kicheko kinaanza kwa walinzi na kuenea ua mzima. Mama Gia naye anacheka, huku akitembea kuja mbele.)

Kabla sijaketi, nitoe shukrani. Namshukuru kwa namna ya pekee huyo huyo shemeji, aliyetuazima zana zote zilizopo hapa kwa ajili ya maonyesho, miezi saba iliyopita, ndiyo sababu hajaweza kufunga yale matairi. Kamati haikuwa na hata kitambaa; hiki cha meza ni pazia langu. (Mama Gia anachukua spana mbili, kipimo cha upepo na helmeti. Kisha anainama chini ya jukwaa.) Shemeji, huko chini unatafuta nini? Hiyo jeki iko kazini. Kumbuka azimio, hicho ni kifaa chenye tabia za zana.

("Si zana wala si kifaa, shemeji," inasikika sauti ya Mama Gia kutoka chini. "Ni yangu.")

(Makofi makubwa kuliko yote ya siku hiyo. Jukwaa linashuka upande mmoja, polepole, kwa heshima.)

Naendelea kuwashukuru, ingawa sasa nawaona nusu. Nawashukuru wajumbe. Nawashukuru walinzi, na nawaomba wasifungue geti kabla ya itifaki. (Geti linafunguliwa. Kiroboto liko juu ya jeki. Mama Gia anatoa ndani ya gari kila kitu kizito kisicho na kazi, ikiwemo ripoti ya kamati, juzuu ya kwanza hadi ya tatu, anamkabidhi makamu mwenyekiti. Anafunga tairi la kwanza. Tak. Tak. Tak. Tak.) Asanteni. (Tairi la pili. Tak. Tak. Tak. Tak.) Asanteni sana, lakini bado sijamaliza. Nawashukuru nyote kwa kuhudhuria kwa wingi uzinduzi wa uwanja ambao, kwa kusema ukweli mbele ya mama mkwe, haupo, haujawahi kuwepo, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mpaka leo.

(Hakuna anayesikiliza. Wote wako ukutani na juu ya viti, wakitazama barabara. Mama mkwe amesimama getini na leso juu. Anaishusha.)

(Gia ya kwanza. Ya pili.)

Karani, andika kwamba uzinduzi umefanikiwa kwa asilimia mia moja. Karani? (Karani yuko juu ya ukuta, amekaa juu ya daftari lake. Gia ya tatu. Ua mzima umetega masikio, hata watoto.) Ndugu wananchi, subirini kidogo, nami nasikia vibaya kutoka huku chini.

(Ya nne. Inaingia laini kama kisu kwenye siagi, na sauti inakuwa nyembamba, ndefu, inakwenda mpaka njia panda. Watu wanarukaruka. Makamu mwenyekiti analia tena. Mwenyekiti ametoka nyuma ya jukwaa lake lililolala ubavu, amepanda kiti cha mama mkwe, na karatasi tisa za hotuba zilizobaki ziko chini.)

Tak.