Barua Niliyomwandikia Petro

Jamani, leo uso nimeuacha darasani. Nimerudi nyumbani na shingo tu.

Mnajua nafundisha watu wazima Kiingereza, alasiri, kwenye chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga hapa senta ya machimbo. Tangu dhahabu itoke na rashi ianze, watu wakamiminika toka kila kona, kila mtu anakitaka. Mama Akinyi muuza chapati anakitaka. Na kuna mzee mmoja, wiki ya tatu sasa, anatoka mbali kwa baiskeli. Alijiandikisha kama Petro (aliamini Kiingereza kinataka jina la ubatizo). Shida yake aliieleza wazi: wanunuzi wa ardhi wanakuja na wageni, wanasimama juu ya shamba lake wakiongea Kiingereza, naye anabaki kutabasamu. Anataka kuelewa wanachosema kabla hawajamzunguka.

Sasa mimi leo mwili ulikuwa darasani, roho ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ng'ombe wa mahari wanaletwa kwetu Morotonga. Tangu asubuhi nilikuwa nawaona wanashuka kilimani taratibu, vumbi limewafika magotini, shangazi anapiga vigelegele, na Chacha wangu nyuma yao na shati jeupe. Niliwawekea wanafunzi mazungumzo kwenye simu wasikilize. Nje karasha linaponda mawe, mimi nasikia kengele za ng'ombe. Mazungumzo yakaisha, sina habari. Mama Akinyi ndiye aliyeniita mara mbili nikarudi duniani.

Somo lilikuwa barua ya kirafiki. Nikawaambia leo hakuna shikamoo wala mheshimiwa, marafiki wanaitana majina. Nikamwendea mzee kwa mbwembwe zote.

"Hai, Petro! Nipe tano."

Akasita. Nikauchukua mwenyewe mkono wake nikaugonga. Darasa likacheka, na mimi nikajiona mwalimu wa kisasa.

Halafu nikaandika barua ya mfano ubaoni. Mwalimu mwenye akili angeandika kuhusu hali ya hewa. Mimi, na ndoto zangu, nikaandika hivi kwa Kiingereza: Mpendwa Petro, mambo vipi? Jumamosi naletewa ng'ombe. Mchumba wangu ni Chacha, mtoto wa Mzee Nyamhanga wa Nyanungu. Chacha ana macho mazuri sana. Baba yake sijawahi kumwona, ila nasikia ni mkali kama nyigu. Wako, Ghati. (Nyigu nilimchora kabisa, ili msamiati uingie.)

Nikawaambia kila mmoja ajifanye Petro, anijibu. Wakainama kuandika. Mimi nikarudi dirishani kwa ng'ombe wangu.

Mzee aliniita mara tatu. Kwanza aliuliza Kiingereza cha "kusubiri". Nikampa. Kisha "mkamwana". Nikampa, tena nikamtajia herufi moja moja. Mwisho "kuahirisha". Nikamsifu mbele ya wote kwamba huyu ndiye mwanafunzi, anatafuta maneno magumu. Nikamwita mbele aisome barua yake.

Akasimama, akageuka akatazama ukuta. Nikadhani ni haya. Akaanza kusoma polepole, na mimi namsahihisha kila sentensi, nimefumba macho, natabasamu. Barua yake kwa Kiswahili ni hii:

"Mpendwa Ghati. Barua yako nimeipata. Nyigu ni mimi. Mimi ndiye baba yake Chacha."

Hapo nilikuwa nimeshasema vizuri sana, endelea.

Kwa msio wa huku kwetu: mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamshiki mkono. Akimwona njiani anapisha. Mimi nimemwita Petro mbele ya watu wanane, nimemgonga tano, na nimemchora ana mabawa. Nikajibanza nyuma ya ubao, viatu tu vikaonekana. Nilichowaza ni kimoja, kwamba ndoa yangu imekufa nikiwa na chaki mkononi.

Mzee hakugeuka. Akamalizia.

"Wewe ni mwalimu mzuri. Ukiwa mkamwana wangu, hutaweza kunifundisha tena, itakuwa mwiko. Na wale watu wa shamba wanarudi. Kwa hiyo Jumamosi ng'ombe hawatakuja. Nimeahirisha mpaka nimalize Kiingereza. Chacha atasubiri. Wako, Petro."

Mama Akinyi amejifunika kanga mdomoni, mabega yanatetemeka.

"Mwalimu," mzee akauambia ukuta, "nimekosea wapi?"

Nikajibu kutoka nyuma ya ubao kwamba hakuna kosa. Na kweli halikuwepo, maneno yote magumu nilimpa mwenyewe.

Nimempigia Chacha. Nilidhani atanitetea kwa baba yake. Ameniuliza mzee amefika somo la ngapi. Nimemwambia la sita. Akauliza yako mangapi. Nimemwambia arobaini. Akaanza kuhesabu wiki kwa sauti mpaka salio likakata.

Naombeni msicheke. Kesho mzee anakuja saa tisa, nami naanza kumfundisha masomo manne kwa siku.