Mwalimu Wangu na Simu ya Asubuhi

Jumatatu, 9 Septemba

Mwalimu wangu hajaitwa tena leo. Siku nzima sijakaa sawa.

Mwalimu wangu ni binti yangu wa pekee. Ana cheti cha ualimu chenye muhuri, nimekitundika sebuleni mahali ambapo hata mgonjwa wa macho atakiona. Ila kazi yenyewe ni ya kushikia. Mwalimu wa shule akiumwa, binti yangu anapigiwa simu asubuhi aende akamshikie darasa. Asipoumwa mtu, hakuna simu. Basi mtoto anaamka, anaoga, anavaa, anapiga viatu rangi, anakaa kitini kama mgeni nyumbani kwao. Jua likishapanda anavua kiatu kimoja, anapumzika, anavua cha pili. Hicho cha pili ndicho kinachoniua.

Leo nilikuwa naanika nguo, na jirani wa mlango wa pili anaanika zake. Huyu ana kijana anayeshikia madarasa kama wangu. Tunamwita Mtanashati kwa sababu anavaa tai hata akitumwa sabuni. Mama Mtanashati akaniambia, taratibu, huku anakung'uta shati, kwamba mwanawe kaitwa shule ya bondeni. Kisha akaongeza kwamba mwalimu wa darasa la tatu wa huko anakaribia kujifungua, na Ijumaa mwalimu mkuu atachagua wa kumshikia muhula mzima. Kwa sasa anawajaribu wote wawili, Mtanashati na binti yangu, leo huyu, kesho yule. Na muhula ukiisha, nani ajuaye, ajira kabisa. Akaniuliza kwani binti yangu hakuniambia.

Kibanio cha nguo kilinidondoka mdomoni.

Nimemuuliza Mwalimu. Anajua, tangu wiki iliyopita. Hakuniambia kwa sababu, anasema, mambo nikiyajua yanaharibika. Mimi? Niliyeshona sare za nusu ya mji huu ili asome?

Nikamdodosa mpaka akanieleza utaratibu wao. Simu ya shule isipopokelewa, anapigiwa mwenzake papo hapo, na aliyekosa hakumbukwi tena haraka. Nikauliza simu hizo zinakuja muda gani. Akasema mara nyingi akiwa bafuni. Kuanzia kesho simu itakaa mfukoni mwa aproni yangu. Baba yake, kutoka nyuma ya redio, amesema simu ni ya mtoto. Huyo naye, redio inamtosha.

Jumanne, 10 Septemba

Simu kimya. Mwalimu kavua viatu. Nikasema hapana, kukaa na kungoja watu waumwe wenyewe ni uvivu.

Mungu si mchoyo. Mchana kaja mteja wangu, mwalimu wa darasa la sita shule ya mlimani, kujaribu gauni lake. Nilimtazama usoni muda mrefu. Nikamuuliza kama nyumbani kwake wanamwambia ukweli. Akauliza ukweli gani. Nikasema basi tu, mwanangu, tuendelee na gauni.

Akataka kioo. Nikamwambia kioo changu kinawapendelea wateja. Nikamwonyesha jinsi gauni linavyomlegea kiunoni, na vipimo ni vyake vilevile vya mwezi uliopita. Ni kweli nilikuwa nimelipanua kidogo jana, lakini hayo ni mambo ya ufundi. Akaketi. Akasema siku hizi kichwa kinamgonga akipanda ngazi. Nikamwambia mimi si daktari, ila ningekuwa yeye nisingesubiri kesho.

Alitoka mbio kwenda zahanati na pini za pindo bado zimo. Nilishtuka. Sikujua nina kipaji hiki.

Jumatano, 11 Septemba

Leo naandika yote, yalivyokuwa.

Mwalimu alikuwa anaoga. Simu ikalia kwenye aproni. Karani wa bondeni, sauti ngeni. Mwalimu wa darasa la tatu amekwenda kupimwa, je binti anaweza kuja. Nikasema anaweza, yuko njiani. Sijaiweka simu mfukoni, inalia tena. Mlimani. Mwalimu wa darasa la sita amelala zahanati. Nikasema anaweza, yuko njiani. Mdomo ulisema, mimi mwenyewe nilikuwa bado nafurahia ile ya kwanza.

Mwalimu akatoka, akanikuta na simu mkononi, akaiona namba ya mlimani, akaninyang'anya, akasikia kwa masikio yake kwamba anasubiriwa. Akavaa, akakimbia. Nilimwita. Nadhani nilimwita. Sauti haikutoka.

Nikasimama katikati ya chumba. Bondeni wanamngoja. Akikosekana leo, Ijumaa imekwisha, na zamu inakwenda kwa Mtanashati, ambaye nilimwona dirishani keshafunga tai. Ndipo nikapata akili. Darasa la tatu ni watoto wadogo. Kuwakalisha tu, mpaka mwanangu amalize kule aje. Nikavaa koti lake. Halikufunga kifuani, nikaweka pini.

Mwalimu mkuu wa bondeni, mama mmoja mwenye miwani mizito, alikuwa mkutanoni. Karani mgeni akaniuliza kama ni mimi niliyekuja kwa ajili ya darasa la tatu. Nikasema nimekuja kwa ajili hiyo hiyo. Hapo nimedanganya nini?

Ubao ulikuwa umejaa maandishi, mchafu ajabu. Nikaufuta vizuri kwa kitambaa chenye maji. Watoto wote wakashika vichwa. Kumbe ulikuwa mtihani wao, mwalimu wao kauandika jana baada ya masomo. Nikawaambia hakuna taabu, nitatunga mwingine. Swali la kwanza: ni mwalimu gani bora kuliko wote katika mji huu? Nikawapa herufi ya kwanza ya jina la binti yangu. Wengine wakashindwa hata hivyo. Elimu imeshuka.

Baadaye nikatoa futi yangu ya kupimia nguo tukajifunza vipimo. Mikono, mabega, nani mrefu. Hapo akaingia bwana mmoja na mkoba, akakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni. Nikamwambia kwa adabu kwamba wazazi wanangoja nje. Akasema niendelee tu, nisimjali. Basi kama yupo, awe na faida. Nikamsimamisha juu ya kiti, nikamwonyesha kwa watoto: huyu ndiye mtu mzima, mguu wake ni huu, na hili ndilo pindo la suruali lililofumuka. Nikalishona hapo hapo, watoto wanahesabu mishono kwa sauti. Alikuwa mpole sana. Alikuwa pia anatokwa jasho.

Wakati wa kutoka, karani akaniuliza kama mkaguzi kutoka wizarani ameshaondoka.

Nikauliza mkaguzi yupi.

Sijui nilifikaje nyumbani.

Alhamisi, 12 Septemba

Sikumwambia Mwalimu jana. Alirudi kutoka mlimani anang'aa, anasimulia jinsi darasa la sita lilivyomwelewa, mpaka mtoto mmoja kutoka kona ya mwisho, ambaye wanasema hajawahi kunyoosha mkono, kanyoosha. Ungemwambiaje mtu kama huyo habari ya pindo?

Leo bondeni wakamwita, si kufundisha. Amerudi, ameketi, hakuvua kiatu hata kimoja. Amezungumza kwa sauti ndogo, nami ningependa afadhali apige kelele.

Mwalimu mkuu alimwambia kwamba mkaguzi, kwa miaka yote ya kazi yake, hajawahi kupandishwa kitini. Kwamba jina lililoandikwa la mwalimu wa darasa la tatu siku hiyo ni la binti yangu. Akamuuliza kama anamfahamu mwanamke wa makamo, mwenye futi shingoni, asiyeweza kukaa bila kumsifia binti yake. Mwanangu akafumba macho.

Sasa sikiliza. Yule mama alimwachia mwanya. Akamwambia aseme tu kwamba aliugua ghafla akamtuma mtu, yaishe, maana watoto wanampenda. Na mwanangu akakataa! Akasema hakuugua, alikuwa mlimani, mama yake aliitikia simu mbili. Basi. Bondeni hawamwiti tena, na muhula kapewa Mtanashati bila hata kungoja Ijumaa.

Mtu anaachiwa mwanya mpana hivyo, anakaa nje kwenye mvua kwa hiari yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema tu anaumwa. Akaniuliza mimi nani alinifundisha kusema uongo darasani. Nikamuuliza kama mkaguzi alitaja lolote kuhusu ule ushonaji. Akaondoka kwenda zake, hakula.

Mama Mtanashati ameanika mashati saba. Mwanawe ana mawili. Mengine sijui ameazima kwa nani ili anikomeshe.

Kupitia ukutani nimesikia Mwalimu akilia. Polepole, kama mtu anayeogopa kusumbua. Nilipeleka chai mlangoni. Nilirudi nayo.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeamua kurekebisha. Imebaki shule moja tu inayomwita, ya mlimani. Habari za bondeni zikimfikia mwalimu mkuu wa kule kutoka midomo ya watu, atamfuta. Ni lazima azisikie kwanza kwangu, zikiwa zimepangwa vizuri.

Huyu mwalimu mkuu wa mlimani ni mzee wa filimbi. Iko shingoni saa zote, nadhani hata msikitini au kanisani, popote anaposali. Nikamkuta ofisini. Nikamweleza kwamba kuna maneno ya uongo yatakayomfikia kuhusu binti yangu. Akasema hajasikia maneno yoyote. Nikasema yatakuja, asiyaamini. Akauliza maneno gani. Basi nikamweleza. Nilikusudia kusema kidogo tu, lakini mzee yule ananyamaza vibaya, unajikuta unajaza. Nikasema simu mbili. Nikasema koti. Nikasema ubao, futi, mkaguzi. Nilipofika kwenye gauni la mwalimu wake wa darasa la sita nikajing'ata ulimi, lakini gauni lilikuwa limeshatoka.

Akaishika filimbi. Nikadhani ataipuliza, niondolewe na shule nzima. Akanishukuru kwa kufika, akanifungulia mlango, akaniambia kuna ngazi, nijihadhari.

Nimekaa kwenye cherehani bila kuwasha taa. Nimeshona mkono wa blauzi mahali pa kola. Nilikuwa namtafutia mwanangu kazi, nimemfukuzisha shule zote mbili ndani ya wiki moja. Hata adui angehitaji muda zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nimekaa chini, nimesimama, nimekaa tena.

Mzee wa filimbi alimwita Mwalimu asubuhi. Mimi nikajua ndiyo basi. Nikaanza kupanga maneno ya faraja, yote yalikuwa mabaya. Akarudi. Akasimama mlangoni, akasema amepewa darasa la sita muhula mzima, na nafasi ya kudumu ikitangazwa atafikiriwa wa kwanza.

Nilimshika baba yake nikidhani ni mlango.

Kumbe mwalimu wa darasa la sita ana presha kweli. Zahanati wameshangaa alikuwa anatembeaje. Ameambiwa apumzike mpaka muhula mwingine, na anasema nimemwokoa maisha. Hapo nikataka kusema neno, Mwalimu akaninyooshea kidole, nikaliacha.

Kumbe tena, Alhamisi ile ile alipotoka bondeni, kabla ya kuja nyumbani, mwanangu alipita mlimani kwa miguu yake, akamweleza mzee kila kitu. Akasema kama mzee naye hamtaki, amwambie mapema. Mzee akamwambia atafikiri. Kwa hiyo Ijumaa nilipokuwa nasimulia, alikuwa anajua. Nikauliza mbona aliniacha niseme mpaka mwisho. Mwalimu akasema mzee alitaka kuona kama habari mbili zinalingana. Zimelingana, ila ya binti ilikuwa fupi.

Akasema pia kwamba lile darasa la sita lilimwuliza mzee, yule dada atarudi lini. Wote. Na yule wa kona ya mwisho.

Masharti mawili. Simu inakaa kwa mwenyewe. Na mimi nisikanyage ndani ya geti la shule, si kwa sare, si kwa salamu, si kwa dharura. Mwalimu akanitaka niahidi. Niliahidi huku nalia, na machozi yenyewe ni ya kweli. Kisha akanikumbatia. Ananukia chaki tayari.

Nimempelekea habari Mama Mtanashati. Alikuwa ameshasikia. Akanipongeza. Nilishtuka zaidi ya siku zote za wiki hii, sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Jumatatu, 16 Septemba

Mwalimu ameondoka asubuhi bila kungoja simu ya mtu. Nimemtazama mpaka kona. Alitembea kama anayejua anakokwenda.

Nikarudi kushona. Sindano haikwenda. Nikajiuliza watoto wa siku hizi watamtii kweli, na maswali yao ni ya kijeuri. Nikasema nitembee kidogo nipate hewa. Hewa nzuri iko upande wa mlimani.

Sikukanyaga ndani ya geti. Ahadi ni ahadi. Sikulikaribia hata kidogo, nilizunguka nyuma, kwenye ua wa michongoma, na ndani ya michongoma kuna uwazi unaotosha uso wa mtu mzima akivumilia miiba. Darasa la sita liko pale pale. Nikamwona mwanangu ubaoni. Sauti yake imetulia, darasa kimya, wote wanamtazama. Hakuna mahali nimewahi kuona kitu kizuri kama kile.

Akamuuliza hesabu msichana aliyekaa karibu na dirisha. Mtoto akakwama. Mwalimu anasubiri, mtoto anang'ata kalamu, darasa limegeuka kumtazama. Nikaona sasa mwanangu ataaibika siku ya kwanza, watasema hajui kufundisha. Nikamnong'oneza mtoto kupitia michongoma: arobaini na mbili.

Akasimama, akajibu kwa sauti, arobaini na mbili.

Ilikuwa thelathini na sita. Darasa likacheka. Mwalimu akatazama dirishani, nikachuchumaa haraka, miiba ikachukua kitambaa changu cha kichwa, na nadhani bado kiko pale.

Nimejua kosa langu. Kutoka pale chini ubao hausomeki vizuri. Kesho nitakwenda na kigoda.