Boza la Ildefonce Lilivyoongoza Harusi ya Binti Yangu

Kwako Bwana Afya,
Biharamulo Mjini.

Kwa heshima zote, na nikiwa na akili zangu timamu, mimi Aristides, mwalimu mstaafu, naomba watu binafsi wanaonyonya vyoo mjini kwetu wawekewe masharti makali, tukianza na Ildefonce. Makosa yake ni haya:

1. Hana kibali. Boza lake la kunyonyea vyoo amelipaka rangi nyeupe na kulifunga riboni, akidai kwamba kazi chafu haihitaji gari chafu.

2. Jumamosi nilikuwa namwoza binti yangu Adventina. Wakwe walitoka Ntobeye, kule Ngara, na mji hawaujui, nikawaambia kwa simu wafuate gari jeupe lenye riboni. Nilimaanisha la kamati ya harusi. Wakafuata la Ildefonce, magari manne, honi juu, hadi kwenye shimo lake la kumwagia kule mikaratusini.

3. Shangazi wa bwana harusi, Bi Agripina, alishuka akipiga vigelegele. Vilikatikia njiani. Ildefonce, badala ya kujificha, alivua kofia akamwambia, "Karibu sana mama, ila usisogee."

4. Kisha akawaongoza mpaka kanisani na kuegesha mlangoni. Picha zote za maharusi zina bomba la kunyonyea. Binti yangu alicheka hadi padri akamuuliza mara mbili kama kweli anakubali.

Kwa hiyo naomba kila boza liwe na kibali, mfuniko na mahali panapojulikana pa kumwaga. Dereva avae glavu. Kabla ya kuwasha gari asomewe matangazo ya ndoa ya Biharamulo na Ngara yote. Mbele yake atangulie mgambo na kengele, na nyuma ufuate wewe mwenyewe, kwa miguu, ukitangaza kwa kipaza sauti: "Hii siyo harusi."

Wasalimie wote hapo ofisini, na mama watoto nyumbani. Ndizi zikikomaa nitawaletea mkungu.

Wako mwenye uchungu,
Mwl. Aristides

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha alipofika Bi Agripina, ambaye ni mjane, akimuulizia Ildefonce. Anasema hajapata kuona mwanamume anayemkaribisha mtu mahali pabaya kwa adabu nzuri namna ile. Ildefonce naye ni mgane. Nimewakutanisha, wakaniomba niwe mshenga, nimekubali. Tafadhali mpe kibali kabla ya Jumapili, siku ya kupeleka posa, na kwenye fomu, penye ndugu wa karibu, andika jina langu.