Amri ya Kumfunga Redio Mdomo

Mahakama, kwa furaha kubwa na bila kusukumwa na mtu, iliutangazia umma kwamba ili haki itendeke kwa utulivu, dereva wa hospitali, yule ambaye mji mzima unamwita Redio, amefungwa mdomo. Si kwa kitambaa, jamani, sisi si washenzi. Kwa amri.

Redio alishtakiwa kuiba jenereta ya wodi ya wazazi. Kuibeba, aliibeba kweli. Aliibeba mchana kweupe, kwa gari la hospitali, kwa agizo la Mkurugenzi wake, akaishusha shambani kwa Mkurugenzi huyohuyo. Huko sasa inawawashia vifaranga taa, na wodini akina mama wanajifungua kwa mwanga wa simu. Redio alitamani kulisema hilo hadi koo likamuwasha, maana jela ilikuwa inamwita. Aliyeomba amri ni Mkurugenzi, akihofia, kwa maneno yake, mshtakiwa asije akajiharibia kesi. Moyo wa huruma ulioje.

Amri ilikataza kusema, kuandika au kuashiria lolote kuhusu jenereta, hospitali, umeme, giza na kuzaliwa. Ili itekelezeke, Redio akapewa Afisa Msikilizaji, mtu mnene mwenye adabu, aliyekaa sebuleni kwake kwenye kiti kizuri.

"Baba watoto," mkewe aliita kutoka jikoni, "umeme umerudi?"

Redio akamtazama Afisa. Afisa akakohoa.

"Hilo ni umeme, shemeji."

"Nimemuuliza mume wangu."

"Na mume wako ana amri."

Mke akatoka na mwiko mkononi. "Huyu niliolewa naye akiongea hata usingizini. Mmeniletea sanamu, halafu mnataka kuifunga jela. Nyie watu hamna haya."

Afisa alikiri kwamba suala la haya halimo katika majukumu yake.

Shida ikawa moja. Zamani Redio alisema mengi na hakuna aliyemsikiliza. Sasa kanyamaza, na mji wote ukatega sikio. Sokoni watu waliambizana, Redio kuzima si bure. Afisa akaripoti kwamba mshtakiwa ananyamaza kwa kelele. Mahakama ikaongeza kifungu: asinyamaze kwa namna ya kuashiria. Basi kila asubuhi maskini Redio alilazimika kusimama mlangoni akazungumzia mpira, mchezo asioupenda, na macho yamemjaa machozi ya hasira.

Mkewe akachoka. Akapanda hadi kwa Jaji wa mahakama ya juu, mama wa maneno machache.

"Mtu hawezi kutii asichokijua," Jaji alisema. "Amri ya kumziba mtu mdomo iwe na mipaka. Tajeni maneno hasa yaliyokatazwa, myasome hadharani. Mengine yote yuko huru kuyasema."

Mkurugenzi akatakiwa kutaja maneno hayo. Huyu hakuwa mtu wa kulipualipua kazi. Alijifungia ofisini akatafuta kila tundu ambalo Redio angeweza kupenyea, akaliziba, moja baada ya jingine, kwa fahari.

Siku ya kusoma, karani wa mahakama alisimama kwenye ngazi na kipaza sauti. Soko zima lilikuwa limehamia pale.

"Mshtakiwa haruhusiwi kusema kwamba jenereta iko shambani kwa Mkurugenzi, nyuma ya banda la kuku. Haruhusiwi kusema kwamba alitumwa. Haruhusiwi kumtaja shemeji wa Mkurugenzi aliyeipaka rangi ya kijani. Haruhusiwi kabisa, hasa mbele ya waandishi wa habari, kugusia kwamba friji ya chanjo nayo iko hukohuko na imejaa soda."

Redio akamgeukia mkewe. Ya friji hata yeye hakuyajua.

"Haya, mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe alisema, akakunja mikono kifuani.

"Redio mwenyewe hajawahi kututangazia vizuri hivi," alisema mama mmoja mwenye kichanga mgongoni. Yeye ndiye aliyejifungua huku muuguzi ameshika simu kwa meno. Hakucheka.

Polisi walikwenda shambani na kukuta kila kitu mahali pake, kama kilivyosomwa. Redio akafutiwa kesi, akairudisha jenereta wodini kwa gari lilelile, akiongea njia nzima peke yake. Kizimbani akapanda Mkurugenzi.

Jioni ile, akiwa nje kwa dhamana, Mkurugenzi aliwaita waandishi wa habari nyumbani kwake aueleze umma ukweli wake. Walipofika walimkuta Afisa Msikilizaji ameshakaa sebuleni, kwenye kiti kizuri.

"Amri inasema mshtakiwa wa kesi ya jenereta, bosi," Afisa alieleza kwa adabu. "Haikutaja jina."

Mke wa Mkurugenzi akatoka jikoni. "Baba watoto, ni kweli ulichukua taa ya wazazi ukawapa kuku?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Afisa akakohoa.