Chama cha Masaba Haundi

Siku ile Wakoli alipomwona mbwa wa mzee Kipsang kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama nje ya duka la pembejeo mjini Kitale akijifanya anasoma bei ya mbolea. Hakuwa na haja ya mbolea. Alikuwa amejificha. Msimu uliopita aliwauzia watu wa Kimilili miche ya parachichi za kupeleka ng'ambo, na miche ile, kwa ukaidi wake yenyewe, ilikuwa imeanza kuzaa mapera. Tangu hapo Wakoli aliipenda sana hewa ya Kitale.

Mbwa alikuwa amefungwa kwenye baiskeli. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa iliyomwagikiwa majivu. Sikio moja limesimama, la pili limelala. Jicho moja la kahawia, la pili la samawati. Mkia ulijikunja mgongoni na kuishia na kishungi cheupe, kama brashi iliyochovywa kwenye rangi. Ungedhani Mwenyezi Mungu alikuwa na mabaki ya mbwa wengine na hakutaka kuyatupa.

Gari jeupe likasimama, na mama mmoja mnene, nadhifu, akashuka. Huyu alikuwa Madam Phelista, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Kanduyi, amekuja kununua mbegu. Badala ya kuingia dukani alisimama akamkodolea macho yule mbwa.

"Mzee, huyu ni mbwa wa aina gani?"

Mwenye baiskeli, mzee Kipsang, mkulima wa upande wa Endebess, alimtazama mbwa wake, kisha akamtazama mama.

"Ni mbwa," akasema.

Mtu mwingine angelisikia jibu hilo akaenda zake. Wakoli hakulisikiliza jibu, alilisikiliza swali. Lilikuwa na hamu ndani yake, na hamu ya mtu mwenye gari Wakoli aliijua hata akiwa usingizini. Akasogea, akavua kofia.

"Madam, msamehe mzee. Watu wa mlimani hawapendi kujigamba. Huyu ni Masaba Haundi. Wamebaki wachache mno. Zamani ndio walilinda ng'ombe kule Masaba, kwenye mapango ya Mlima Elgon."

"Masaba Haundi," Phelista akarudia polepole, kama mtu anayeonja asali. Jirani yake, mke wa daktari, alikuwa na mbwa wa Kijerumani ambaye mwezi uliopita alikatiwa keki ya siku ya kuzaliwa, na Phelista alialikwa akapiga makofi. Makofi yale yalikuwa bado yanamuuma mikononi. "Ni pesa ngapi?"

"Ah-ah! Madam, hawa hawanunuliwi kama kuku. Lazima kwanza uwe mwanachama."

"Mwanachama wa nini?"

Wakoli akavuta pumzi. Alipoanza kuivuta, chama hakikuwepo. Alipoitoa, kilikuwa na jina, na katibu, na ada ya kujiunga.

Phelista alipoondoka na stakabadhi iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya matangazo ya mbegu, Wakoli alimgeukia mzee.

"Mzee wangu, huyu mbwa anaitwa nani?"

"Namwita Wewe."

"Kuanzia leo anaitwa Jenerali. Kila tukiwa na mkutano utakuja naye, na hutatoka mikono mitupu."

Mzee Kipsang alitafakari. "Wewe anakula ugali ya jana. Huyo Jenerali atataka nyama."

Wakoli akacheka mpaka akashika tumbo, akampa mzee pesa ya nyama. Alimwona mtu wa kuchekesha tu, mshamba wa watu, na akaacha kumfikiria kabisa.

Chama kilikua haraka. Wakoli alizunguka soko la Kimilili, akiwa amevaa miwani ili wenye mapera wasimtambue, akaokota watoto wa mbwa ambao hata mama zao walikuwa wamewachoka. Aliwaogesha, akawafunga utepe wa buluu shingoni, akawapandisha cheo. Kila mwanachama alipata mtoto wa mbwa na cheti chenye mhuri. Katiba aliinakili kutoka kwa chama cha mazishi cha shangazi yake, akafuta neno "marehemu" na kuweka "mbwa" kila mahali, kwa hiyo kifungu cha tano kiliwataka wanachama wote kukesha na mbwa wakiimba nyimbo za faraja. Wanachama walikisoma wakatikisa vichwa kwa heshima. Ilionekana kuwa mila ya zamani sana.

Phelista alichaguliwa mwenyekiti. Wakoli alikuwa katibu. Uweka hazina, alieleza kwa huzuni, ni mzigo mzito usio na shukrani, asingependa kumtwika mtu mwingine yeyote. Akajitwika.

Walikutana kwa Phelista, Kanduyi, kwa chai na mandazi, mbwa wakifungwa kila mmoja mbali na mwenzake. Shida ilianza watoto wale walipokua, kwa kuwa kila mmoja alikua kivyake. Mmoja alirefuka kama benchi bila miguu kufuata. Mwingine aliogopa kuku. Katika mkutano mmoja Jotham, mwanakandarasi kutoka Webuye, alisimama na mbwa wake.

"Katibu, mimi nauriza. Yangu masikio yote imerara. Hii ni Masaba Haundi ama ni mbuzi?"

Mandazi yalitulia midomoni.

"Jotham," Wakoli akasema kwa sauti ya chini, "unajua una nini hapo? Sikio moja likilala, ni Masaba wa kawaida. Yakilala yote mawili, bana, hiyo ni damu ya kifalme. Mimi mwenyewe nimewahi kuona mmoja tu."

Jotham akaketi taratibu, akampangusa mbwa wake vumbi kwa leso. Mkutano uliofuata, wanachama kadhaa walikuja na mbwa waliobandikwa masikio kwa plasta ili yalale.

Ndipo Phelista akaleta wazo la maonyesho. Maonyesho makubwa, pale pale Kanduyi, yenye hema, vikombe, matarumbeta na wageni waheshimiwa, mke wa daktari akikaa mstari wa mbele. Wanachama walichanga kwa moyo, na mchango wote ukapita mikononi mwa mweka hazina. Wakoli alipoushika alijua safari imeiva. Alikuwa na binamu Mombasa. Alipanga kuondoka siku chache kabla ya maonyesho, bila kelele, kama mstaarabu.

Angekuwa ameondoka, kama si Kiptum.

Kiptum alitokea kwenye mkutano wa mwisho, kijana mwenye jaketi la ngozi na viatu vinavyong'aa. Hakunywa chai. Aliwapita mbwa wote kama anayepita mawe, akachuchumaa mbele ya Jenerali, akampima kifua kwa kamba, akamtazama meno. Kisha akamvuta Wakoli kando.

"Hawa wengine ni koko," akanong'ona.

"Si hivyo bana, hawa ni..."

"Ni koko, na wewe unajua. Lakini huyu!" Alitikisa kichwa. "Huyu ni mwenyewe. Nina mteja Eldoret, mwenye shamba la maua, amemtafuta mbwa wa hivi miaka. Jumatatu nakuja na pesa taslimu." Akataja bei ambayo mtu angeweza kununulia trekta, akabakiwa na ya dizeli.

Sasa, Wakoli alikuwa mtu mwenye akili. Alijua Masaba Haundi ilizaliwa nje ya duka la pembejeo, na alijua aliyeizaa. Lakini alipolala alimwona yule mbwa na jicho lake la samawati, akaanza kujiuliza. Je, ikiwa kwa bahati tu alisema kweli? Mlima ni mkubwa, nani ajuaye kilichokuwa mapangoni? Kufikia asubuhi alikuwa muumini.

Akapanda bodaboda hadi Endebess.

"Mzee, mimi nimempenda tu huyu mbwa. Niuzie."

"Huyu? Hapana. Watoto watalia."

Wakoli akapandisha. Mzee akasema bibi yake pia atalia. Wakoli akapandisha tena. Mzee Kipsang akageuka akautazama mlima muda mrefu, akapangusa jicho kwa mkono wa koti, akasema hata yeye mwenyewe sasa anasikia kilio kikimjia. Zamu ya kulia ilipomfikia ng'ombe wake, pesa za hema zilikuwa zimekwisha, zikafuatwa na za vikombe, kisha za matarumbeta. Wakoli alimaliza mfuko wote, akaongezea na ya nauli ya Mombasa. Akarudi Kitale akiwa amempakata Jenerali kwenye bodaboda kama bibi harusi.

Jumatatu Kiptum hakutokea. Wakoli akapiga simu. Sauti tamu ya kike ikamwambia kuwa mteja hapatikani. Akapiga tena, mteja hapatikani. Alikuwa amemtafuta mteja, na sasa alikuwa amempata. Alipotoka kidogo kununua muda wa maongezi, Jenerali alitafuna kamba, akatafuna kiatu kimoja cha Wakoli, akapita dirishani.

Wakoli alifika Endebess na viatu viwili visivyofanana. Jenerali alikuwa amelala uani akiota jua. Kibarazani, jaketi la ngozi lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, na mwenyewe alikuwa peku, anakunywa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu.

"Karibu," akasema mzee Kipsang. "Huyu ni mkwe wangu, Kiptum. Ameoa msichana wangu wa pili."

Wakoli alilitazama lile jaketi. Akakaa chini.

"Mzee, mmeniibia!"

"Sisi? Nilikuuzia mbwa. Mbwa ndio huyo. Chukua."

"Si atarudi tena!"

"Hurudi," mzee akakubali. "Watu ya Kapenguria walinunua, akarudi. Ya Moi's Bridge, akarudi. Kuna mmoja Cherangani alimfunga na mnyororo, akarudi nayo. Mnyororo mzuri sana. Tunafunga nayo geti."

"Nitaenda polisi!"

"Twende," mzee akasema, akiinuka kutafuta kofia. "Mimi nitawaambia vile nilipata hii pesa. Na wewe utawaambia vile ulipata."

Wakoli alimtazama yule mzee na kuona, kwa kuchelewa, kwamba siku ile Kitale hapakuwa na mshamba pale dukani isipokuwa yeye.

Kabla hajainuka, pikapu ikaingia uani. Phelista alishuka mbele, Jotham na wanachama wengine wakaruka kutoka nyuma. Jotham alikuwa na rungu.

"Katibu," Phelista akasema, "simu zangu hushiki. Mwenye hema anasema hajalipwa. Wa vikombe hajalipwa. Kwako Kitale tumeambiwa umetoka mbio kuja huku."

"Pesa yetu iko wapi?" Jotham akauliza, na rungu likauliza naye.

Wakoli alimtazama Kipsang. Kipsang aliutazama mlima. Kiptum alijificha nyuma ya kibuyu chake. Wakoli akafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Wapendwa," akasema, akasimama wima, "maonyesho ni ya siku moja. Hema linang'olewa. Tarumbeta linanyamaza. Mimi kama mweka hazina nilijiuliza, kesho tutabaki na nini? Nikachukua kila shilingi ya chama," hapo sauti ikakatika, na kwa mara ya kwanza maishani haikuwa maigizo, "nikawanunulia Jenerali. Si wa kukodi tena. Ni wetu."

Jotham akaangusha rungu, akapiga kelele za furaha, na Wakoli akajikuta amebebwa juu juu. Mzee Kipsang naye alipiga makofi.

Phelista hakupiga. Alingoja wamshushe, akamsogelea karibu, akaongea kwa sauti ya kumtosha yeye tu.

"Nimekaa darasani miaka mingi, Wakoli. Mtoto wa aina yako hafukuzwi shule. Anahamishiwa dawati la mbele, mwalimu amwone." Kisha akawageukia wengine. "Wanachama! Katibu amechoka na hazina, nitaishika mimi. Yeye tutampa heshima kubwa zaidi. Atakuwa mlezi wa Jenerali. Atakaa kwangu Kanduyi, chumba cha kando ya banda. Jenerali akipotea, tutamuuliza yeye. Jotham, utamuuliza?"

"Nitamuuriza sana," akasema Jotham, akaokota rungu.

Maonyesho yalifanyika, bila hema, chini ya jua. Kila mwanachama alikuja na kiti chake. Mke wa daktari alikuja akaketi mbele. Jenerali aliingia uwanjani mwisho, na kwa amri ya mwenyekiti, ncha ya pili ya kamba yake ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mlezi, fundo la kufungia ng'ombe.

Jenerali alizunguka uwanja mara moja kwa adabu. Akasimama, akanusa upepo unaotoka mlimani, akaanza kutembea. Kisha akaanza kukimbia. Wakoli aliishika kamba kwa mikono miwili na kuchimba visigino ardhini, lakini visigino vilichagua kufuata. Wakapita katikati ya wageni, wakapita langoni, wakashika barabara kuu.

"Na hiyo, mabibi na mabwana," Phelista akasema kwenye kipaza sauti bila kupepesa jicho, "ni mbio za masafa marefu. Mnaona pumzi yake? Ni mbwa wa mlimani huyo."

Watu wakasimama wakashangilia. Mke wa daktari akainama kumuuliza jirani yake mtu hujiungaje.

Karibu na Bukembe, mama mmoja aliyekuwa akimenya miwa kando ya barabara aliona mbwa akija anakimbia, na nyuma yake kijana amelowa jasho, anahema, kofia imeshaanguka.

"We kijana!" akaita. "Unampeleka wapi huyo mbwa?"

"Muulize yeye, mama," Wakoli akasema akipita. "Mimi sijaambiwa."